Kamba Ndani ya Jicho la Chura

Makote, Newala
12 Machi 2023

Kwako Loveness, mke wangu mdogo usiyejua kupika,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini barua hii itakaa kwenye basi, kisha itakaa mfukoni kwa kondakta, kisha itakaa mezani kwako chini ya kikombe cha chai. Nikisubiri shikamoo yako naweza kufa sijaitikia. Kwa hiyo nimeitikia mapema.

Huku hatujambo kwa kadiri ya umri. Mvua haikututupa, kisima cha uani kimejaa maji ya bati mpaka vyura wamehamia na kuanzisha kwaya. Mimi siwasikii, naona tu mashavu yanavimba. Masikio yangu yamestaafu kabisa, na ile simu aliyoninunulia mjomba wako Cyril naitumia kama tochi. Bibi yako peke yake ndiye aliyepata njia ya kuzungumza nami: akikubali jambo ananigonga begani, akikataa ananifinya. Tangu tuanze utaratibu huo bega langu halijambo, ila mkono una madoa.

Sasa huyo bibi yako, mke mwenzako. Mgongo umemfanyia kiburi. Kukaa hawezi, kusimama hawezi, analala tu, tena kanyooka kama mstari wa rula. Akikunja magoti anabadilika rangi. Daktari alisema maneno marefu. Mimi niliitikia kwa kichwa, Cyril akayaandika kwenye karatasi ili nisome. Karatasi hiyo nimeiweka mahali, sikumbuki wapi.

Yeye anataka kitu kimoja: afike Lulindi kwa kaka zake akiwa bado anaona njia. Mila sikufundishi, unazijua. Mwanamke wa kwetu hata akae kwa mume mpaka meno yaishe, mwisho anarudi kwenye ukoo wa mama yake. Lakini ameweka sharti. Pikapu hapandi. Anasema nilimtoa Lulindi amekaa kiti cha mbele kwenye lori la misheni, mimi dereva, yeye kama mke wa askofu, na hatarudi kwao chini ya turubai kama mihogo.

Gari letu, Jicho la Chura, unalikumbuka. Siti za kushoto zote zinalala, ya mbele inaungana na ya nyuma kama kitanda, na mlango wa nyuma unafunguka kwa ubavu kama kabati. Lakini giaboksi imechoka. Fundi Hamudi anasema gia zinachomoka zenyewe. Kwa ule mteremko wa kutoka Newala, gari lisiloshika gia ni jeneza lenye honi.

Wewe uko kwenye yadi ya magari ya Japani. Nasikia kigari hiki kimezaa watoto na wajukuu. Kuna anayefaa? Ndani ya bahasha kuna kamba ya katani yenye mafundo mawili. Ipime ndani ya gari, kutoka mwanzo hadi fundo la kwanza. La pili liache, halikuhusu kwa sasa. Ukiulizwa, sema unapima gunia la korosho.

Na unakuja lini? Usinijibu kwa kuniuliza hali ya hewa.

Mume wako mkubwa,
Dastani


Dar es Salaam
2 Aprili 2023

Shikamoo Babu, mume wangu mwenye wivu,

Natumaini hali ya hewa huko ni nzuri.

Mimi sijambo. Bibi mwambie namwamkia, na ile mizizi ya ming'oko aliyonitumia mwaka jana bado naisimulia. Huku joto, foleni na kazi. Meli ikishusha magari hatulali vizuri.

Nimepima gunia lako, Babu. Nimelipima katika matoleo yote matatu, na Majaliwa, kijana wa mauzo, alisimama akinitazama nimelala chali ndani ya magari na kamba mkononi. Akaniuliza, "Dada, unapima gari au unapima kaburi?" Nikamwambia napima gunia la korosho. Akasema gunia gani refu hivyo.

Toleo la kwanza ndilo Jicho lako la Chura. Lilitengenezwa kwa watu wa milima ya Japani wenye theluji, ndiyo maana tumbo liko juu na mgongo ni wa mraba. Huko linaitwa Kirima. Halafu kampuni ikatamani Ulaya. Ikaonekana wazungu hawataki kabati, wanataka umbo. Wakalishusha chini, wakaliinamisha paa, tairi la spea wakalitoa mlangoni, na jina wakalibadilisha likaitwa Solvia, kama mtu aliyehamia mjini akaacha jina la ubatizo. Hilo ndilo toleo la pili, madalali wanaliita Mgongo wa Kobe. Humo kamba ilijikunja nusu.

Toleo la tatu linaitwa Kope za Bi Harusi, kwa sababu ya taa nyembamba zinazorembua. Ni refu na pana kuliko baba na babu yake. Lina kioo kama televisheni na kamera ya nyuma, ila injini imebaki pistoni tatu. Nililaza siti za kushoto, nikanyoosha kamba. Imelala bila kukunjika, ikabaki nafasi ya kidole.

Nimemwambia Mjomba Cyril. Amefurahi sana, anasema Jicho la Chura linamwaibisha mbele ya watu na atawanunulia hilo jipya. Basi gunia litasafiri.

Mengine tutaandikiana.

Mjukuu wako,
Loveness


Makote, Newala
18 Juni 2023

Loveness, daktari wa magari,

Marahaba. Umepima vizuri na umeniua vizuri.

Habari za nyumbani kwanza. Mikorosho tumeipulizia salfa, mimi mwenyewe nimekohoa njano siku nzima. Maji ya bomba yalikuja Jumanne, yakatusalimia, yakaenda. Padri mgeni alikuja kumwombea bibi yako, akaomba kwa muda mrefu sana, na mimi kwa kuwa sisikii nikasema Amina katikati. Bibi yako akacheka mpaka ikamuuma. Sijui kama ilikuwa dhambi, lakini ndiyo mara ya mwisho nimeyaona meno yake.

Sasa gari. Cyril amelileta mwenyewe, jekundu, na nailoni bado kwenye siti. Amekataza isitolewe. Mtaa mzima ulikuja kulitazama. Ile kamera inanionyesha nilikotoka, kana kwamba nimesahau. Cyril anasema likikaribia kitu linapiga kelele kumwonya dereva. Nikamwambia hapo limepata mtu.

Jumamosi tukasema twende. Tulimbeba bibi yako Emilia kwa shuka, Hamudi kichwani, mimi miguuni, Cyril akitoa maelekezo kama mnadi. Kichwa kilipofika mahali pake, miguu ilikuwa nje. Tukamrudisha, tukamwingiza kwa upande mwingine. Pale siti ya mbele inapokutana na ya nyuma pana kidaraja kigumu kimeinuka, kikamchoma kiunoni. Cyril akasema, "Mama, kunja magoti kidogo tu." Bibi yako alinifinya mimi, maana Cyril alikuwa mbali na mkono wake.

Tukamrudisha ndani. Alikuwa akilia bila sauti, au kwa sauti, mimi sijui.

Kisha Cyril akasema zamani watu walisafirishwa kwa machela, na kwamba pikapu yenye godoro zuri haina neno. Sikusikia, lakini midomo yake niliisoma. Nikamwambia jioni njema, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi.

Ulisema nafasi ya kidole inabaki. Kidole cha nani? Na unakuja lini?

Dastani,
mwenye gari jekundu asilolitaka


Dar es Salaam
5 Julai 2023

Shikamoo Babu,

Leo sina utani. Mwambie Bibi anisamehe.

Nimekwenda kuuliza, nimejua kilichotokea. Nililopima mimi ni toleo la tatu la soko la Japani. Alilonunua Mjomba ni toleo hilohilo, lakini la soko la India, jipya, kwa sababu alitaka lenye nailoni. Kwa mbele ni mapacha, hata mimi nikisimama mbali siwatofautishi. Lakini India gari lisilozidi mita nne linatozwa kodi nafuu, basi kampuni ikalikata nyuma ili litoshe chini ya kipimo. Na siti za mbele wakaweka zisizolala mpaka chini, kwa sababu huko, walisema, wateja hawalali garini. Mimi nilimwambia Mjomba "toleo la tatu linaingia", nikanyamaza hapo. Sikumwambia la wapi. Sikufikiri kama mtu mmoja anaweza kuwa mrefu Japani na mfupi India.

Nimetafuta giaboksi ya Jicho la Chura. Siku hizi matoleo ya kwanza hayaji tena mazima, yanakatwa huko huko yanakuja vipande. Nimezunguka maduka yote ya spea mtaa wa Gerezani mpaka nikaipata, imetoka kwenye gari la huko kwenye theluji, bado ina kibandiko cha maandishi yao. Nimeipakia kwenye basi la Newala leo asubuhi. Hamudi aifunge haraka.

Babu, kamba yako niliijua tangu nilipofungua bahasha. Niliinyoosha sakafuni chumbani kwangu, nikaona mahali kichwa chake kinapofika na mahali miguu yake inapoishia. Mtu hapimwi kwa kamba akiwa hai. Kamba ya namna hiyo huja na wachimbaji, nyumba ikiwa tayari ina kilio. Uchuro mkubwa namna hii umeufanyaje? Ndiyo maana niliiita gunia. Nilitaka iwe gunia.

Unaniuliza nakuja lini. Mama alipofariki Masasi na kupelekwa Lulindi, wewe ulikuwa mbele na dereva. Mimi nilikuwa nyuma ya pikapu nimeshika turubai lisipeperuke. Lilipeperuka. Hilo hukuliona, na mimi sitaki kulisimulia. Ila tangu siku hiyo barabara ile siwezi kuiona bila turubai hilo.

Loveness


Makote, Newala
30 Julai 2023

Mke wangu mdogo,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma nikaiweka pamoja na karatasi ya daktari. Sasa nakumbuka mahali ilipo.

Kuhusu uchuro: ni yeye aliyesema tupimane. Mimi nilitaka kukisia kwa macho, akanifinya. Akaniagiza nilete kamba ya kuanikia nguo. Majirani wakijua watatufukuza kijijini, kwa hiyo wewe ukae kimya.

Giaboksi ilishushwa Masasi kwa makosa pamoja na mabati ya mtu. Ilikaa stendi, mbuzi wakailalia. Ndipo gari jekundu likafaa kwa mara ya kwanza: Cyril aliliendesha hadi Masasi kumletea babu yake, Jicho la Chura, kiungo. Lilirudi limekwaruzwa tumbo, maana tumbo lenyewe liko chini kama la bata. Cyril amenuna. Nailoni imechanika.

Hamudi anafunga. Amekuta gia ya pili ngumu, anasema ilizoea baridi, itabembelezwa. Anafanya kazi nzuri lakini polepole, na mimi siwezi kumharakisha mtu aliyelala chini ya gari.

Bibi yako hali chakula sasa. Anakunywa uji vijiko vichache, kisha ananigonga begani nikae karibu. Namwambia, "Emilia, ukifika kwa kaka zako utanisahau." Zamani hilo angelijibu kwa kunifinya. Siku hizi ananigonga tu, kila nikisemacho. Sipendi. Mwanamke anayekubali kila kitu si wangu.

Nikikuuliza tena unakuja lini utasema nakusumbua. Basi sijauliza.

Dastani


Dar es Salaam
13 Agosti 2023

Shikamoo Babu,

Nimepata barua. Nimefurahi kusikia giaboksi imefika.

Meli mbili zimeshusha kwa pamoja, na bosi hatoi ruhusa. Sitaweza kuja mwezi huu. Mkimlaza, kichwa kiwe siti ya mbele, miguu nyuma, na mumwekee mto mwembamba pale siti zinapokutana. Mfunikeni shuka lake la maua ya zambarau. Madirisha yasifungwe. Alikuwa anapenda kunusa mvua ikiwa mbali.

Kamba ninayo. Iko chini ya mto wangu.

Msalimie. Msalimie sana.

Loveness


Makote, Newala
10 Septemba 2023

Kwako Loveness,

Marahaba, na pole. Cyril alikupigia simu, najua, lakini Cyril hakuwemo garini, kwa hiyo alichokuambia ni nusu.

Tuliondoka asubuhi. Jicho la Chura liliwaka mara ya kwanza kama kijana. Tulimlaza kama ulivyosema, mto mwembamba, shuka la zambarau, kichwa siti ya mbele karibu na kiwiko changu. Alinyooka mwili wote, Loveness. Vidole vya miguu havikugusa mlango. Nilimwangalia nikasema, "Haya, mke wa askofu." Akanigonga begani.

Hamudi alitufuata kwa pikipiki, mbali kidogo kwa sababu ya vumbi. Garini tulikuwa wawili tu, kama siku ile ya lori. Mimi niliongea njia nzima, si unajua kiziwi haoni sababu ya kunyamaza. Nikampitisha sokoni, nikamwonyesha watu anaowadharau. Akagonga. Nikamwambia mikorosho imeanza kutoa maua. Akagonga. Tulipofika ukingoni, pale bonde lote linapofunguka chini, nikapunguza mwendo ili aone. Nikamwambia, "Kule chini kwenu, wenye maji. Nilikuleta juu kwa wenye kiu, na ulikaa." Hapo alinifinya. Alinifinya barabara, Loveness, kucha zikaingia. Sikujua alikataa nini katika maneno hayo. Nilicheka kwa furaha mpaka nikakosa gia.

Gia ya pili ilibembelezwa, ikashika. Tukateremka taratibu, kona baada ya kona, na gari halikuruka hata mara moja. Kwenye kona za chini nilimwambia hadithi ya padri na Amina. Hakugonga. Nikamwuliza kama mgongo unauma. Hakugonga, hakufinya. Nikasema amenuna. Aliwahi kuninunia Kwaresima nzima kwa sababu nilikunywa uraka, ile pombe ya mabibo, kwa hiyo si jambo geni. Nikaendelea kumtania.

Mbele kulikuwa na kizuizi cha mazao. Kijana akachungulia dirishani, akanyoosha kidole kwenye shuka. Akasema kitu, nadhani aliuliza kama kuna korosho. Kisha akamwona, akaniuliza kwa mikono: huyu bibi vipi? Nikamwambia, "Amelala. Ukitaka, mwamshe wewe, mimi nimeshindwa tangu tuoane." Akacheka. Akamtazama tena, akaacha kucheka. Akavua kofia, akafungua njia bila kuuliza kitu kingine.

Mimi sikugeuka kutazama. Dereva anatazama mbele.

Nilimpeleka hadi mlangoni kwa kaka yake mkubwa, nikafungua ule mlango wa kabati, nikasema, "Nimemleta. Amekaa vizuri njia nzima." Kaka zake wakatoka, wakaona. Mimi nilikwenda kuangalia maji ya rejeta.

Wamemzika jirani na mama yako. Wachimbaji walikuja na kamba yao, wakampima. Niliitazama. Ilitoka sawasawa na ile yetu, hadi fundo la kwanza. Basi angalau tulijua kupima.

Sikuulizi kwa nini hukuja. Ukiniambia kazi nitaamini, mimi ni mzee, naamini vitu vingi. Ila nataka kukuambia hivi: turubai halikuwepo. Madirisha yalikuwa wazi. Palikuwa na upepo na hakuna kilichopeperuka.

Nimerudi peke yangu. Kule juu nyumbani watu wanakuja, wanakaa, wananiandikia pole kwenye makaratasi. Cyril ameuza gari jekundu. Bega langu limekuwa jepesi mno, nakaa nimeliinamisha upande mmoja kama mtu anayesubiri kitu.

Sasa kuhusu kamba. Itoe chini ya mto uniletee. Usiitume kwa basi, itashushwa Masasi mbuzi wailalie. Ilete mwenyewe. Fundo la pili alilifunga Emilia kwa mkono wake, siku ile tuliyopimana, mimi nimelala sakafuni kando ya godoro lake nikicheka na yeye akinifinya tumbo nitulie.

Ukoo wangu utadai nizikwe hapa Makote, kwa mama yangu, na kwa mila wana haki kabisa. Watapiga kelele, watakaa kikao, watakula ubwabwa, watakaa kikao kingine. Wewe usibishane nao. Wewe washa gari, ushike njia ya Lulindi.

Kabla ya hapo njoo nikufundishe ule mteremko nikiwa bado nimekaa wima. Gia ya pili usiilazimishe. Na mimi ni mrefu kuliko bibi yako, nitalala mshazari, miguu nyuma yako, kwa hiyo siti yako utaisogeza mbele kidogo.

Siti za kushoto nimeziacha zimelala.

Mume wako mkubwa, aliyebakiwa na mke mmoja,
Dastani